Panga kwa Pepo, Si kwa Bendera: Mbinu za Kuandaa Maonyesho ya Zanzibar na Oman

Una wazo: maonyesho ya sanaa kuhusu Zanzibar na Oman. Yafunguliwe Unguja, yakae wiki kadhaa, kisha yavuke kwenda Maskati. Pengine wewe ni mwalimu, msanii au kiongozi wa kikundi cha vijana. Bajeti ni ndogo na shughuli ni nyingi. Usivunjike moyo. Kazi hii inafanyika, mradi uipange vizuri tangu mwanzo.

Kabla ya yote, shika jambo moja. Watu hawaji kutazama nchi mbili zilizopangwa sambamba. Wanakuja kuona kilichopita kati yake. Basi kila kitu unachokiingiza ukumbini kionyeshe safari: kilitoka wapi, kilikuwa mikononi mwa nani, kilibadilika vipi kilipofika ng'ambo. Kisichoonyesha safari kiache, hata kiwe kizuri namna gani.

Gawa ukumbi kwa pepo

Usiweke ukuta wa Zanzibar huku na ukuta wa Oman kule. Ukifanya hivyo, kila mgeni atakwenda upande wa kwao, atapiga picha, ataondoka.

Gawa kwa kaskazi na kusi. Kaskazi huvuma takriban Desemba hadi Machi, na ndiyo iliyoyaleta majahazi kutoka Uarabuni. Kusi hushika kuanzia Aprili hadi Septemba, na ndiyo iliyoyarudisha. Upande wa kaskazi weka vilivyokuja: tende, chumvi, papa mkavu, ubani wa Dhofar. Upande wa kusi weka vilivyokwenda: boriti za mikoko, karafuu, nazi, pembe za ndovu (kwa picha tu), na watu. Mgeni akishauona mpangilio huo, hutahitaji kumweleza kwa nini nchi hizi mbili zimo katika chumba kimoja.

Chagua vitu vichache

Vitu ishirini hadi thelathini vinatosha kwa ukumbi wa kawaida. Vikizidi, gharama ya kufungasha inapanda na mgeni anachoka kabla hajafika katikati.

Kila kitu kipitishe kwenye maswali matatu. Kilifikaje hapa? Nani alikuwa nacho? Ng'ambo kuna kinachofanana nacho? Ukipata majibu mawili ya uhakika, kichukue. Ukipata moja tu, endelea kuuliza wenyeji kabla ya kukata shauri.

Kipe kila kitu mwenzake

Mbinu hii haishindwi: weka vitu viwili vinavyofanana, kimoja kutoka kila pwani, katika kabati moja.

Anza na kofia. Kofia ya viua inayoshonwa kwa mkono Unguja na Lamu iweke karibu na kumma ya Oman. Ziweke chini ya kioo, usawa wa macho, karibu kiasi cha mgeni kulinganisha tundu kwa tundu. Kisha mdila wa kahawa wa hapa na wa kule. Kisha chetezo na chetezo. Kisha kanzu ya Unguja na kanzu ya Oman yenye kishada shingoni, kile kinachotiwa manukato.

Maelezo yaliyo chini yake yamwambie mgeni atazame nini hasa: mshono, mdomo wa mdila, kola. Mwonyeshe pa kuanzia, na jicho lake litamaliza kazi.

Mlango usiosafiri, upeleke kwa picha

Milango ya Mji Mkongwe ni sanaa kubwa ya uhusiano huu, lakini huwezi kuing'oa. Ipige picha ikiwa imenyooka mbele yako, asubuhi na mapema kabla jua halijapiga. Kisha chapisha picha kwenye kitambaa kwa ukubwa halisi wa mlango. Kitambaa kinakunjwa kwenye bomba, ni chepesi, na kikitundikwa kinasimama kama mlango wenyewe.

Chukua mitindo miwili. Ule wa Kiarabu wa zamani, ambao kizingiti chake cha juu kimenyooka, na ule wa Kihindi, ambao mara nyingi una upinde juu. Hapo utaonyesha kwamba Bara Hindi nalo lilikuwa na mkono katika habari hii.

Fanya vivyo hivyo kwa majengo. Beit al-Ajaib, Jumba la Maajabu la Mji Mkongwe, ilijengwa mwaka 1883 wakati wa Sultani Barghash, na sehemu yake iliporomoka Desemba 2020. Picha zake za kale zitawasimamisha wageni wa pande zote mbili.

Weka tarehe chache, ziwe za kweli

Hupaswi kufundisha historia yote. Ubao mmoja wenye tarehe tano au sita unatosha. Hizi ni za kuanzia:

- 1698: Waomani wanaiteka Ngome ya Yesu, Mombasa, kutoka kwa Wareno.
- 1840: kufikia mwaka huu Sayyid Said bin Sultan amehamishia makao yake Unguja.
- 1861: dola ya Oman na Zanzibar inagawanywa, Zanzibar ikawa na sultani wake na Oman wake.
- 1873: soko la watumwa la Zanzibar linafungwa kwa mkataba.
- 1964: Mapinduzi ya Zanzibar, na familia nyingi zinahama.
- 1970: Sultani Qaboos anashika madaraka Oman, na wengi wenye asili ya huko wanarejea kutoka Afrika Mashariki.

Ubao uuweke mlangoni. Ndani ya ukumbi acha vitu viseme.

Usiuruke utumwa

Utashawishiwa kuonyesha karafuu, marashi na milango tu. Kataa. Mashamba ya karafuu ya Unguja na Pemba yalilimwa na watu waliotekwa bara, na wengine walipakiwa majahazini kwenda Arabuni. Mgeni atakayejua hayo na asiyaone ukumbini hatakuamini kwa mengine.

Yaweke mahali pake, ukuta wa kusi, katikati ya bidhaa nyingine. Andika kwa maneno ya wazi: "watu waliofanywa watumwa." Usitundike picha za minyororo kwa ajili ya kushtua. Ukipata jina la mtu na habari zake kwenye nyaraka, litaje. Jina moja lina uzito kuliko mchoro wa umati.

Na kwa mwaka 1964, kaa na wazee wa pande zote mbili kabla hujaandika. Wape rasimu waisome. Watakapotofautiana, eleza kwa ufupi kila upande unakumbuka nini, usijifanye hakimu.

Kopa kwa walioitangulia njia

Kabla hujaandika mpango wako, tazama wengine walifanyaje. Kati ya 2017 na 2019 maonyesho yaliyoitwa World on the Horizon, kuhusu sanaa ya Waswahili na Bahari ya Hindi, yalizunguka Marekani: yalianzia Illinois, yakaenda Washington, yakamalizia Los Angeles. Waandaaji waliazima vitu kutoka Makumbusho ya Taifa ya Kenya na makumbusho ya Bait Al Zubair ya Maskati.

Fundisho lake kwako ni hili: makumbusho makubwa huazimisha, ila yanahitaji barua rasmi, muda mrefu na ukumbi wenye usalama. Kama huna hivyo vitatu, omba picha na ruhusa ya kuzichapisha. Vitu halisi vitafute majumbani.

Kuazima majumbani: adabu kwanza, karatasi baadaye

Hazina kubwa iko kwenye masanduku ya akina bibi. Usiende na fomu mkononi. Nenda na mtu anayejulikana nyumba hiyo. Amkia, kaa, kunywa kahawa. Sema: "Bibi, shikamoo. Leo nimekuja kusikiliza tu." Habari ya kuazima ije siku nyingine.

Akikubali, hapo sasa leta karatasi. Mkataba wa kuazima uwe ukurasa mmoja, kwa Kiswahili, na upande wa Oman uwe na nakala ya Kiarabu. Utaje kitu, hali yake, thamani yake, tarehe ya kukirudisha, na nani atalipa kikiharibika. Aulizwe pia: jina lake liandikwe ukumbini au lisiandikwe?

Kwa picha za familia, uliza zaidi ya mara moja, hasa zenye wanawake. Picha ya harusi iliyopigwa kwa ajili ya ndugu haiwi ya umma kwa sababu tu imepita miaka mingi. Akisita, ichukulie kwamba amekataa, na umshukuru.

Rekodi sauti

Maskati kuna nyumba ambazo Kiswahili ndicho lugha ya jikoni hadi leo. Rekodi wazee huko na huku. Simu ya kawaida inafaa, ukizima feni na kuiweka simu karibu na msemaji, juu ya kitambaa.

Usimwulize mzee "historia." Muulize walikula nini siku ya Idi, nani alimshonea kofia, alipanda chombo gani, alibeba nini. Kata vipande vya dakika mbili mbili. Ukumbini weka spika ndogo za kusikilizia sikioni, ili sauti zisigongane.

Jua vya kuacha nyumbani

Vitu vingine vitazuiwa mpakani, na wewe pamoja navyo. Pembe ya ndovu, pembe ya kifaru na gamba la kasa vinabanwa na mkataba wa kimataifa wa CITES. Majambia ya zamani yatazame kwa makini: mipini mingine ni ya pembe ya kifaru. Siwa ya pembe usiifikirie kabisa. Peleka picha yake na sauti yake.

Vitu vya kale navyo vina sheria. Kwa vitu vinavyotoka Kenya, sheria ya makumbusho na urithi ya mwaka 2006 inataka kibali cha kuvitoa nchini. Zanzibar, nenda mapema ofisi ya serikali inayosimamia makumbusho na mambo ya kale. Peleka orodha yenye picha. Wakikuambia kitu hakitoki, usibishane. Badilisha orodha.

Jambia la kawaida, hata la mapambo, ni silaha kwa wakaguzi wa uwanja wa ndege. Lisafiri na mizigo ya shehena, likiwa limetajwa kwenye orodha.

Andika hali ya kila kitu

Mali bila daftari hupotea bila habari. Kabla kitu hakijaondoka nyumbani kwa mwenyewe, kipige picha mbele, nyuma, pembe zote na kila ufa. Andika tarehe. Mwenye mali atie saini, nawe utie saini.

Rudia kila kinapobadilisha mikono: kinapofungashwa, kinapofunguliwa Maskati, kinapofungwa tena, kinaporudi. Inachosha, najua. Ila siku kikombe kitakapoonekana na ufa, daftari ndilo litakalosema ufa ulikuwepo tangu lini. Bima nayo ikate kuanzia nyumbani kwa mwenyewe hadi kirudi nyumbani kwake. Usikubali bima ya siku za ukumbini peke yake.

Fungasha kama kitaangushwa

Nguo: usizikunje. Zizungushe kwenye bomba lililofunikwa kitambaa cha marekani kilichofuliwa bila manukato. Mkunjo wa leo ni mpasuko wa kesho.

Wadudu: kama unashuku nondo au wadudu wengine, tia nguo au kofia kwenye mfuko uliofungwa kabisa, kisha iweke kwenye friza kwa wiki mbili. Ukitoa, usifungue mfuko mpaka siku ya pili, la sivyo unyevu utatua juu ya kitambaa. Vyombo vilivyounganishwa kwa gundi au kupakwa rangi usivitie friza.

Vyombo vya shaba na udongo: kila kimoja kiwe na tundu lake ndani ya sponji nene. Visigusane.

Sanduku la mbao: hakikisha mbao zimepashwa moto kwa kanuni ya kimataifa na zina muhuri wake. Bila muhuri huo sanduku linaweza kurudishwa bandarini. Mbao za plaiwudi hazidaiwi muhuri, na ni nyepesi pia.

Nje ya kila sanduku andika namba, mshale wa juu, na kwa Kiswahili, Kiarabu na Kiingereza: vitu vya kuvunjika. Ndani ya kifuniko bandika picha ya jinsi vilivyopangwa. Atakayefungasha kurudi atakushukuru.

Lete karatasi kabla ya mzigo

Tafuta ajenti wa forodha aliyewahi kusafirisha vitu vya maonyesho. Mwambie wazi: vitu vinaingia kwa muda na vitarudi. Hilo lina utaratibu wake, na mara nyingi linahitaji dhamana. Orodha yako iwe moja, namba zile zile, picha zile zile, kwenye kila karatasi. Namba moja ikitofautiana, mzigo unakaa.

Mwenyeji wako wa Maskati awe na nakala zote kabla chombo hakijaondoka. Asizitafute siku mzigo unapofika.

Subiri siku moja kabla ya kufungua

Unguja kuna unyevu. Kumbi za Maskati zina kiyoyozi kikavu. Mti uliozoea unyevu ukitolewa ghafla, hupasuka. Masanduku yakifika, yaache yamefungwa ndani ya ukumbi kwa saa 24. Kisha fungua taratibu. Kiyoyozi kisizimwe usiku na kuwashwa asubuhi. Kinachoharibu zaidi ni kupanda na kushuka kwa joto na unyevu.

Tundika kwa kipimo

Katikati ya picha iwe takriban sentimita 150 kutoka sakafuni. Shika kipimo hicho ukumbi mzima na kila kitu kitaonekana kimetulia.

Nguo na karatasi zipate mwanga hafifu, takriban lux 50. Kuna programu za simu za kupimia. Funga mapazia. Jua la pwani hula rangi ya kanga.

Chochote chenye aya ya Qurani kiwe juu, usawa wa kifua au zaidi. Kisilazwe sakafuni hata wakati wa kutundika. Waeleze mafundi wote mapema.

Udi na ubani usiufukize ndani, moshi unaingia kwenye nguo. Uweke kwenye mtungi wenye kifuniko cha matundu, mgeni ainame anuse. Chetezo chenye makaa kikae mlangoni, siku ya ufunguzi.

Andika maelezo mafupi, lugha mbili

Maneno 50 hadi 70 kwa kila kitu. Sentensi ya kwanza iseme safari. Mfano: "Kofia hii ilishonwa Unguja, ikavaliwa Nizwa." Mengine yafuate.

Kiswahili kushoto, Kiarabu kulia, kila lugha ianzie upande wake. Herufi zisipungue ukubwa wa 24. Usimpe mtu mmoja kutafsiri kila kitu. Kiarabu kisomwe na Mwomani, Kiswahili kisomwe na Mzanzibari. Kwa kuwa wageni wengine wataanza kutazama kulia na wengine kushoto, kila ubao ujitosheleze.

Chagua majira

Maskati, lenga Novemba hadi Februari, joto likiwa limepungua. Unguja, epuka masika ya Machi hadi Mei. Julai ni mwezi mzuri, shughuli ni nyingi na Mwaka Kogwa wa Makunduchi huangukia humo.

Ramadhani husogea nyuma siku kumi au kumi na moja kila mwaka, basi angalia kalenda. Ikikuangukia, fungua baada ya tarawehe. Oman mapumziko ya wiki ni Ijumaa na Jumamosi. Panga vipindi vya shule siku za Jumapili hadi Alhamisi.

Achia bandari ya pili nafasi

Ukuta mmoja safirisha mtupu. Ndiyo, mtupu. Maonyesho yakifika Maskati, waalike wenyeji waujaze: kofia za baba zao, picha za Darajani walizoondoka nazo, kanga ya bibi. Zipige picha, zichapishe, zitundike kwa siku hizo. Wakati wa kurudi Unguja, rudi na nakala hizo.

Mpe pia msanii mmoja kijana wa kila upande kazi ya kujibu kitu kimoja ukumbini. Achore, ashone, apige picha. Mpe miezi mitatu na malipo, hata kama ni madogo. Uhusiano huu bado unaishi, na kazi mpya ndiyo inayouthibitisha.

Fundisha waelekezaji

Wanafunzi wanne au watano waliojifunza vitu kumi vizuri wanatosha. Kila mmoja ashike habari tatu za kusimulia. Weka meza yenye vitu vya kugusa: kofia isiyokamilika na sindano yake, karafuu, kamba ya usumba. Watoto wataanzia hapo, na wazazi watafuata.

Rudisha kila kitu kwa mkono wako

Maonyesho hayaishi siku ya kufunga. Yanaisha siku kitu cha mwisho kinapomfikia mwenyewe. Nenda nacho. Fungua mbele yake, linganisha na daftari, tieni saini. Mpe picha ya chombo chake kikiwa ukumbini na wageni wakikitazama. Mwambie walichosema. Huyo ndiye atakayekuazima tena, na atawaambia jirani zake wakuamini.

Sasa anza. Wiki hii fanya mambo matatu tu: andika vitu kumi unavyovifahamu, tafuta mtu mmoja Maskati wa kushirikiana naye, na uende nyumba moja ya mzee kusikiliza.